Gitaa la Plastiki na Elimu Yetu ya Vitendo

Mwezi Januari mwaka 2006, jimbo la West Virginia nchini Marekani lilitangaza mpango wa kupeleka mchezo wa video katika shule zake zote za umma, zipatazo 765. Mchezo wenyewe ulikuwa Dance Dance Revolution, uliobuniwa na kampuni ya Konami ya Japani na kuingia katika kumbi za michezo za nchi hiyo mwaka 1998. Mchezaji husimama juu ya jamvi lenye mishale minne: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Muziki unapopigwa, mishale hupanda kwenye skrini, na kila mshale unapofika juu, mchezaji anapaswa kukanyaga mshale unaofanana nao hapo chini. Akiwahi au akichelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mashine humwambia papo hapo.

Ukiisikia habari hii bila maelezo, unaweza kudhani ni mzaha, au kwamba kuna mkubwa fulani aliyezidiwa maarifa na muuza bidhaa. Lakini jimbo lile lilikuwa likikabiliwa na tatizo la unene wa kupindukia miongoni mwa watoto, na walimu wa elimu ya viungo walihitaji zoezi ambalo hata mtoto asiyependa mpira angelifanya kwa hiari. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu wahusika walifanya jambo ambalo watunga sera wengi hulisahau. Walitazama kile ambacho mwili wa mtoto unakifanya ndani ya mchezo, wakakipa kazi hicho hicho. Lengo lao kuu lilikuwa afya, si kuzalisha wanamuziki. Mtoto anaruka, moyo unaenda mbio, jasho linatoka. Na jasho la mbele ya skrini halina tofauti na jasho la uwanjani.

Hoja yangu katika makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa matokeo yake ni mazito. Chombo chochote cha kufundishia hufundisha tendo ambalo mwanafunzi analitenda kwa hakika. Hakifundishi jina la tendo lililoandikwa juu ya boksi lake. Nitaipima hoja hii kwa michezo ya video ya muziki, kisha nitaigeuzia shule zetu, ambako naamini kipimo hicho kitatuuma zaidi.

Boksi moja, masomo matatu

Mwaka 1995, vijana wawili waliokutana katika chuo cha MIT, Alex Rigopulos na Eran Egozy, walianzisha kampuni ya Harmonix mjini Cambridge, Massachusetts. Shauku yao ilikuwa kuwaonjesha watu wasiosomea muziki ile raha anayoipata mwanamuziki anapopiga ala. Miaka 10 baadaye, mwaka 2005, mchezo wao wa Guitar Hero uliingia sokoni, na mwaka 2007 wakatoa Rock Band. Kwa miaka michache michezo hiyo miwili ilikuwa gumzo la dunia ya burudani.

Katika Guitar Hero, mchezaji hushika gitaa la plastiki lisilo na nyuzi. Shingoni lina vitufe vitano vya rangi, na mahali ambapo mpiga gitaa angekwaruza nyuzi pana kipande kimoja cha kusukuma juu na chini. Alama za rangi humjia mchezaji kwenye skrini. Akibonyeza kitufe cha rangi husika na kusukuma kile kipande kwa wakati wake, sauti ya gitaa la mwanamuziki mashuhuri husikika kana kwamba imetoka mikononi mwake. Akikosea, sauti hiyo hukatika na wimbo hubaki na pengo.

Je, mtu huyu amejifunza kupiga gitaa? Hapana. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na kila uzi hutoa sauti tofauti kwa kadiri ya mahali kidole kinapobana. Vitufe vitano haviwezi kuufundisha mkono wa kushoto kutafuta sauti hizo, wala havimtoi mtu sugu za vidoleni ambazo kila mpiga gitaa anazijua. Alichojifunza ni kutekeleza kwa wakati, kufuata mapigo, na kutambua ni wapi gitaa linaingia na wapi linanyamaza. Hayo ni mambo ya maana, lakini hayajatimia kuitwa gitaa.

Sasa mtazame mwenzake anayepiga dramu katika Rock Band. Mbele yake zipo sahani nne za kupiga kwa vijiti na kanyagio moja la mguu. Katika kiwango kigumu kabisa, mikono yake miwili na mguu wake mmoja vinalazimika kufanya kazi tatu tofauti kwa wakati mmoja, na mapigo anayoyapiga yanakaribia sana yale yaliyopigwa na mpiga dramu aliyerekodi wimbo. Siku akikalia dramu halisi, atakuta kuna mengi ya kujifunza, lakini viungo vyake havitakuwa wageni. Na yule wa tatu, mwenye kipaza sauti? Huyo anaimba. Mashine hupima iwapo sauti yake imepanda au imeshuka inavyotakiwa, ila koo ni lake na pumzi ni yake.

Hawa watu watatu wamenunuliwa boksi moja, wako katika sebule moja, wanacheza wimbo mmoja. Mmoja amejifunza kuimba kwa kiasi fulani, mwingine amejifunza sehemu kubwa ya upigaji wa dramu, na wa tatu amejifunza kubonyeza vitufe kwa wakati. Tofauti haitokani na bidii wala kipaji. Inatokana na umbali uliopo kati ya tendo la mchezoni na tendo la maishani. Watengenezaji wenyewe waliliona hili. Mwaka 2010 Rock Band 3 ilikuja na kinanda cha vitufe 25 na uwezo wa kutumia gitaa lenye nyuzi. Mwaka 2011 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ikatoa Rocksmith, ambao mchezaji huunganisha gitaa la umeme la kawaida na mashine. Walikuwa wakilisogeza tendo la mchezo karibu na tendo lenyewe.

Wanaelimu hawakuhitaji michezo ya video ili kuujua ukweli huu. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu swali ambalo shule za wakati ule zilikuwa zikilijibu kwa imani tu: je, kujizoeza jambo moja humwongezea mtu uwezo katika jambo lingine? Imani iliyotawala ilikuwa kwamba akili ni kama msuli. Ifanyishe mazoezi kwa Kilatini, itakuwa na nguvu kwa kila kazi. Wao waliwazoeza watu kukadiria ukubwa wa maumbo ya aina moja, kisha wakawapa maumbo ya aina nyingine. Walichokiona ni kwamba ujuzi hauhami wenyewe kwa wingi. Huhama kwa kadiri ambavyo mambo hayo mawili yana vipengele vya pamoja. Zaidi ya karne moja imepita, na bado tunanunua vifaa na kuandika mitaala kana kwamba utafiti huo haujafanyika.

Zima sauti, tuone

Kwetu, konsoli na magitaa ya plastiki ni vitu vya wachache. Mchezo wa mdundo tunaoujua zaidi uko kwenye simu: vigae vyeusi vinavyoteremka juu ya kioo, na kidole kikiviwahi hutoa sauti ya piano. Utamwona kijana ndani ya daladala, uso umeinama, vidole gumba vinakwenda kwa kasi ya kushangaza. Wazazi huuliza kama mchezo huo unamharibu mtoto. Wauzaji wa programu hujibu kwamba unamfundisha muziki. Pande zote mbili huzungumza kwa jumla mno.

Napendekeza jaribio ambalo mzazi au mwalimu yeyote anaweza kulifanya bila gharama. Zima sauti, kisha mwache mtoto aendelee kucheza. Ikiwa alama zake hazishuki, basi mchezo huo ulikuwa unafundisha macho na vidole; masikio yalikuwa abiria tu. Ikiwa alama zinaporomoka, basi sikio lilikuwa kazini, na hapo tunaweza kuanza kuzungumza juu ya muziki. Yule kijana wa kwenye daladala mara nyingi anacheza bila sauti ili asiwabughudhi abiria wenzake, na anashinda. Ni ushindi wa haki, lakini ni ushindi wa macho.

Sisemi kwamba michezo yote ya aina hii iko hivyo. Mwaka 2006 Nintendo ilitoa nchini Japani mchezo wa Rhythm Tengoku, uliotayarishwa kwa ushirikiano na mwanamuziki Tsunku, ambao umejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa. Picha zake ni za kuchekesha na mara nyingine humpotosha mchezaji kwa makusudi au hutoweka. Anayebaki salama ni yule aliyeshika mdundo kwa sikio. Zima sauti ya mchezo huo, na mchezaji hodari atayumba kama mgeni. Kwa hiyo swali la iwapo michezo ya muziki ina thamani ya kielimu halina jibu moja. Lina jibu kwa kila mchezo, na jibu hilo linapatikana kwa kuchunguza ni kiungo kipi cha mtoto kinachofanya kazi.

Kuna pia watakaonikumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa michezo ya video katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019. Ni kweli. Lakini maelezo ya ugonjwa huo yanamhusu mtu aliyepoteza uwezo wa kujizuia, ambaye mchezo umekanyaga masomo, kazi na mahusiano yake. Hayamhusu kila mwenye kucheza, kama ambavyo kuwapo kwa ulevi wa chakula hakuondoi mlo mezani. Tusilitumie jina la ugonjwa kukwepa kazi ya kufikiri.

Na yapo mambo ambayo mwalimu anaweza kuyaiga kutoka katika michezo hii pasipo kununua hata mmoja. Mchezaji hujua kosa lake wakati ule ule analolifanya, si baada ya wiki sita mtihani unaposahihishwa. Anaruhusiwa kurudia mara 40 bila kuchekwa wala kuchapwa. Wimbo mgumu umewekewa ngazi: rahisi, wa kati, mgumu, na hakuna anayelazimishwa kuanza na ngazi ya juu kwa sababu tu wenzake wa umri wake wameifikia. Kiri Miller, mtafiti wa muziki na utamaduni wa Chuo Kikuu cha Brown, aliandika kitabu juu ya wachezaji wa michezo hii mwaka 2012, na anastahili sifa kwa kuwachukua kama watu wanaofanya jambo la kuchunguzwa badala ya kuwacheka kama wanamuziki bandia. Nasi tukiacha kucheka, tutaona kwamba darasa la kawaida la watoto 80 lina mengi ya kujifunza kutoka kwa mashine inayomwambia kila mmoja, bila hasira, kwamba amechelewa kidogo na ajaribu tena.

Magitaa ya plastiki yaliyomo madarasani mwetu

Sasa tuugeuze mkuki. Ni rahisi kwa msomi kumcheka kijana anayejiona mpiga gitaa kwa sababu amebonyeza vitufe vitano. Lakini hebu tujiulize ni magitaa mangapi ya plastiki tunayoyagawa sisi wenyewe, kwa vyeti vyenye mihuri.

Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wa sekondari katika shule zisizo na maabara walifanya mtihani mbadala wa sayansi kwa vitendo. Walijibu kwa kalamu maswali juu ya vifaa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvigusa. Mwanafunzi aliweza kueleza hatua za kupima asidi, akapata alama nzuri, na asitambue chombo hicho akiwekewa mezani. Wapo waliosoma kompyuta kwa mchoro wa ubaoni, wakakariri sehemu zake kama tunavyokariri mito na milima. Wapo wanaosoma ujasiriamali kwa kuandika maana ya ujasiriamali. Na katika vyuo vyetu, mimi na wenzangu hutoa shahada kwa vijana walioandika vizuri sana kuhusu uandishi wa habari, kuhusu utafiti, kuhusu uongozi, ilhali wameshiriki katika matendo hayo kwa uchache wa kutisha.

Kwa kipimo cha Thorndike, mchezaji wa dramu za Rock Band amekaribia tendo kuliko wengi wa wanafunzi hawa. Yeye angalau amepiga kitu. Mwanafunzi wetu amepiga maelezo ya kitu. Kisha mwajiri anapolalamika kwamba wahitimu hawawezi kazi, tunashangaa, kana kwamba kuna siku tuliwapa kazi wakaikataa.

Haya si mapya. Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na miongoni mwa aliyoyalaumu ni elimu inayomfanya mtu aamini kwamba maarifa yote yanatoka vitabuni na kwa watu waliopita darasani, huku ikidharau maarifa ya wazee wa kijijini. Tumelisifu andiko hilo kwa zaidi ya nusu karne. Kulitekeleza ni jambo lingine.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni somo lenyewe la muziki. Mtoto wa Kitanzania hakosi muziki maishani: kuna kwaya, kuna kaswida, kuna ngoma za harusi na za jando, kuna singeli mtaani. Akifika shuleni, muziki huo mara nyingi hubaki nje ya lango, ama huingia kama burudani ya kumpokea mgeni rasmi. Tunapozungumzia sanaa ndani ya mtaala, jambo la kwanza linalotujia akilini ni kitabu cha kiada, la pili ni kifaa cha kielektroniki. Fundi wa ngoma anayeishi nusu kilomita kutoka shuleni hatumkumbuki.

Asichoweza kufundisha mshale

Nimekwisha kusema yale ambayo mchezo wa muziki unaweza kuyafundisha. Sasa niseme kile usichoweza, maana hapo ndipo kuna jambo la kisiasa.

Chukua kidumbaki ya Zanzibar: ngoma mbili ndogo, sanduku lenye uzi linalotoa sauti ya besi, fidla, mkwasa na cherewa. Kila ala ina sehemu yake, lakini hakuna sehemu iliyokwisha kuamuliwa yote kabla ya shughuli kuanza. Mpiga ngoma anamsikiliza mwimbaji na kuwatazama wachezaji; wachezaji wakichangamka, ngoma nayo hupanda; mwimbaji akirefusha ubeti, wote humsubiri. Anayejifunza humo hajifunzi tu kupiga kwa wakati. Anajifunza kwamba wakati wenyewe unatengenezwa na watu waliopo, yeye akiwa mmoja wao. Akibadilisha pigo, wenzake watasikia na watajibu, kwa kumfuata au kwa kumrudisha.

Katika Guitar Hero, hakuna anayekusikia. Wimbo ulirekodiwa zamani. Utakwisha pale pale hata ukicheza kwa moyo wako wote. Kazi yako ni kutii mshale kwa usahihi. Ukibuni pigo zuri kuliko lililoandikwa, mashine itakuhesabia kosa.

Naomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu walitafakari hilo. Elimu inayompima mtoto kwa usahihi wa kukanyaga mishale iliyochorwa na wengine huzaa mtu wa aina fulani. Ni mchapakazi, anawahi, hakosei waraka. Waraka ukiwa na kosa, analitekeleza kosa kwa wakati. Wanaharakati nao wasijione wamepona, kwa kuwa nimehudhuria warsha nyingi ambazo vijana hufundishwa kaulimbiu za kurudia na kuitwa wenye sauti. Kusikilizana kunakobadilisha mwendo wa wote ni ujuzi, nao pia hupatikana kwa kutendwa.

Jibu, hata hivyo, si kuvunja mishale yote na kumwambia mtoto awe huru. Kabla ya Guitar Hero, Harmonix ilitoa programu iliyoitwa The Axe, iliyomwezesha mtu kubuni sauti za gitaa kwa kijiti cha kuchezea, pasipo uwezekano wa kukosea. Haikupata wanunuzi. Ilitoa uhuru bila ngazi, na mtu asiyejua anakokwenda huchoka upesi. Hata kwenye kidumbaki, mwanafunzi huanza kwa kushika pigo moja na kulirudia mpaka mkono uzoee, ndipo aruhusiwe kujibu. Nidhamu ni hatua ya lazima. Dhambi yetu ni kuigeuza hatua hiyo kuwa kituo cha mwisho.

Mwanafunzi aandike mishale

Kuna njia ya bei nafuu ya kuvuka hapo, na inapatikana ndani ya michezo hii hii. StepMania ni programu huria iliyoanza mwaka 2001 kwa kuiga Dance Dance Revolution. Hupatikana bure, hufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, na ndani yake ina sehemu ya kuhariri inayomruhusu mtu yeyote kuweka wimbo wake na kuandika mishale yake.

Fikiria zoezi la wanafunzi wanne wa sekondari na kompyuta moja. Kwanza wanarekodi ngoma ya kwao, iliyopigwa na wazee wa eneo hilo kwa ridhaa yao, ili haki za wenye muziki zilindwe. Kisha wanatafuta mahali hasa linapoangukia pigo la kwanza. Wanahesabu mapigo kwa dakika. Hapo kuna hesabu ya uwiano. Wanaanza kuligawa kila pigo, na kwa baadhi ya ngoma watagundua kwamba kuligawa mara mbili au mara nne hakulingani na wanachokisikia, kwa sababu wapigaji wanaligawa mara tatu. Hakuna kitabu kilichowaambia. Wameshindwa kupanga mishale mpaka sikio lilipowasahihisha. Kisha wanabishana: mshale ufuate ngoma ipi, ile inayoshikilia au ile inayojibu? Mwishowe wanamwita mwenzao wa darasa la pili ajaribu. Akishindwa, wanapaswa kujua kama kosa ni la mguu wake au ni la mishale yao.

Katika zoezi hilo kuna muziki, hisabati, kompyuta, na heshima kwa maarifa ya wazee. Muhimu zaidi, kuna watoto ambao kwa mara ya kwanza wamekaa upande wa pili wa mshale. Na siku wanapokuwa wamesikiliza ngoma hiyo kwa kina kiasi hicho, wapelekwe kwa mpigaji aliyeirekodi, wakabidhiwe ngoma yenyewe.

Serikali yetu haijalala katika suala la vifaa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na maabara za kompyuta zinaendelea kujengwa. Ombi langu kwa wanaoandaa manunuzi yajayo ni kwamba kila pendekezo la kifaa au programu liambatane na aya moja tu inayojibu maswali mawili. Mwanafunzi atatenda nini kwa mikono, sikio au sauti yake akiwa na kifaa hiki? Na umeme ukikatika, ni nini kitakachobaki mwilini mwake ambacho hakikuwamo jana? Muuzaji asiyeweza kujibu aya hiyo arudi na boksi lake.

Fedha zikiwa chache, kama zilivyo daima, aya hiyo hiyo itatuonyesha kwamba baadhi ya vifaa bora vya kufundishia mdundo havina skrini. Ngoma ya ngozi hutengenezwa hapa hapa na haihitaji chaji. Wahitimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wapo, na wengine wanatafuta kazi. Zanzibar kina chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho kimekuwa kikifundisha taarabu, kidumbaki na ngoma kwa vitendo. Halmashauri inayoweza kumlipa fundi wa bomba kwa siku inaweza pia kumlipa fundi wa ngoma kwa saa mbili kwa wiki, akafundisha pale pale chini ya mwembe wa shule.

Kwa wanafunzi wangu na wenu, ninyi mnaocheza michezo hii usiku hosteli, sina hotuba ya kuwakemea. Chezeni. Kisha pakueni ile sehemu ya kuhariri, tafuteni wimbo wa nyumbani kwenu, na muandike mishale yake. Mkifika mahali ambapo mapigo hayaingii katika mistari iliyopangwa na waliotengeneza programu, msidhani ngoma ya kwenu imekosea. Ongezeni mistari.